Stendapu inaangaliwa ukumbini wadau, sio kwenye klipu (usiku wetu wa Ijumaa Masaki)

#1 Mleta mada

Wanajukwaa habari za Jumapili. Ijumaa tulitoka na washkaji kwenda kuangalia stendapu Masaki, watu sita meza moja, na tangu tulivyotoka pale kuna jambo limenikaa rohoni nikaona nililete hapa tulijadili. Kwa kifupi ni hivi, kama stendapu ya bongo unaijua kwa klipu za TikTok tu basi bado hujaiona. Kaeni mkao wa kula, uzi mrefu.

Safari siielezei, Dar Ijumaa jioni mnaijua wenyewe. Waliotoka Mbagala walianza kujisogeza saa kumi, mi natokea Sinza, tukakutana kituo cha Morocco tukachukua bajaji mbili. Mmoja wetu ni nesi, alitoka zamu ya usiku akalala mchana kidogo tu, njia nzima anasema mkifika mi nalala kwenye kiti na asiniamshe mtu. Mwingine ni Mngoni wa Songea, mtu mkimya haswa, ofisini akiongea sana ujue kuna tatizo. Nawataja hawa wawili maana wanarudi huko mbele.

Ukumbi wenyewe sio mkubwa, viti vimebanana, ukikaa goti lako linagusana na la mtu usiyemjua. Taa za watazamaji zinazimwa inabaki ya jukwaani, na jukwaani hamna kitu zaidi ya maiki, stendi yake na stuli yenye chupa ya maji. Hamna bendi, hamna mtu kavaa gauni la mamake na mto tumboni. Anapanda mtu mmoja, anapewa kama dakika kumi hivi, kazi kwake.

Anayefungua ni MC, na kazi ya MC wengi hawaielewi wanaona kama anavuta muda. Anaongea na meza za mbele, wewe umekuja na nani, huyo dada unamfahamu au mmekutana parking, mwenye bethdei yuko wapi. Kumbe pale ndio anapika. Watu wameingia kila mmoja na mawazo yake, mwingine kagombana na bosi mchana, mwingine kodi imeisha, akimaliza MC tumeshazoeana ukumbi mzima na mtu anacheka kabla hata hajajua anacheka nini.

Wa kwanza alipanda dada mmoja na mada ya michango ya harusi. Akasema grupu la harusi ndio mahakama pekee nchi hii isiyo na rufaa, unatuma elfu tano yako kwa moyo safi kabisa, katibu anaweka listi upya, unashuka nayo taratibu kulitafuta jina lako, unalikuta namba 47, elfu tano, na pembeni kaandika "anaendelea". Alivyolitamka hilo neno akanyamaza. Hakuongeza kitu, kasimama tu anatuangalia, kama sekunde mbili tatu hivi, na kicheko kilianzia meza za nyuma kikaja mbele kikatukuta, nesi wetu wa kulala kashika meza kwa mikono miwili machozi yanamtoka kwa sababu yeye mwenyewe ni katibu wa harusi ya mdogo wake na hilo neno analiandika kila siku. Sasa wadau, kile kimya cha dada ndio nataka mkielewe. Kwenye klipu wanakikata, maana wanajua kidole chako kitapita. Ukumbini kimya kile ndio kilitupa nafasi kila mmoja akumbuke grupu lake.

Wa tatu au wa nne hivi alikuwa kijana mdogo na huyu ndio somo langu la usiku mzima. Alianza na stori za mwenye nyumba na zikabuma. Yani zilibuma vibaya, panchi (ule mstari wa kuchekesha) ya kwanza kimya, ya pili kimya, unasikia barafu inagonga kwenye glasi za watu, na tukaanza kumuonea huruma jambo ambalo kwa mchekeshaji ni baya kuliko kuzomewa. Jasho linamtoka tunaliona kabisa kwa ile taa. Akasimama, akaangalia kiganja alikoandika pointi zake, akasema, "Hii niliiandika Jumanne. Jumanne nilicheka peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akaja kugonga, akajua nimepata hela."

Ukumbi ulipasuka. Na sio kwamba ile ilikuwa panchi kali kuliko zote za usiku ule, hapana, ni kwa sababu tulikuwa wote ndani ya lile shimo, tulilisikia linavyochimbwa, tukamuona anavyopanda kutoka. Kutoka hapo kila alichogusa kilichekesha, hata zile zile za mwenye nyumba alizirudia zikaitika. Hiyo huwezi kuirekodi ukamtumia mtu. Ukimtumia atasema mbona kawaida.

Halafu akapanda jamaa wa Iringa, Mhehe. Kitu cha kwanza kuuliza, "Wangoni mpo?" Ukimya. Mshkaji wetu, yule yule mkimya, akanyanyua mkono. Jamaa akamuangalia juu mpaka chini, akauliza, "Mmelipa kiingilio au mmevamia?" Watu chini. Na kabla hazijatulia zile kelele mshkaji kajibu kwa sauti ambayo mi sijawahi kuisikia kwake, "Tumekuja kuchukua tulivyobakisha." Ukumbi mzima ulisimama, Mhehe akashuka jukwaani akaja kumpa mkono. Ambao hamjui, Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, vita vya kweli vya kumwaga damu, na leo wajukuu zao ni watani. Vivyo hivyo Wanyamwezi na Wasukuma kwa Wazaramo, utani wa tangu zama za misafara ya kushuka Pwani. Mtani anaruhusiwa kukusema hadi msibani, anaweza kuja kulala kwenye kaburi lililochimbwa akagoma kutoka mpaka apewe hela. Ndio maana nasema stendapu sisi haikuletwa na ndege. Maiki na taa ndio vigeni, ila mtu kusimama mbele za watu akawasema na wenyewe wakacheka, hicho tunacho toka enzi.

Kulikuwa na mtafiti wa Marekani anaitwa Robert Provine, kicheko alikisoma miaka mingi, akaona mtu akiwa na wenzake anacheka kama mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Mara 30! Kwa hiyo wewe unayeangalia klipu kitandani na earphone halafu unasema hawa hawachekeshi, jaribu kukaa ukumbini kwanza.

Naomba tujadili.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri ila hela hukuigusa kabisa. Kiingilio elfu ishirini, soda bei ya kreti nzima, bajaji kwenda na kurudi, hiyo ni wiki ya mtu. Klipu ni bando la jero. Wachekeshaji wenyewe ndio wanazipost bure, sasa mi nikatafute nini Masaki?

#3 Mleta mada

Hoja yako ni ya msingi na siidharau mkuu. Sisi tulijichanga kama mchezo, kila mshahara unatoa kidogo kwa mmoja wetu, shoo ikifika hela ipo. Na sio lazima Masaki, kuna baa za uswahilini siku hizi wanaweka usiku wa komedi, kiingilio kinywaji chako tu, na nyingine zinakuwa na chipukizi wakali sana. Ila kwenye klipu za bure ujue ile dakika moja kaipost ili umfuate ukumbini, ni chambo. Tukiishia kula chambo wote huyu mtu atakula nini?

#4 Mchangiaji

Mi nasema ukweli, baada ya King Majuto kufariki 2018 sijaona tena. Mzee yule wa Tanga akitokea tu kwenye kioo hajasema kitu ushacheka. Na Ze Comedy, ile shoo ya TV ya kina Joti, Mpoki na Masanja, nyumba nzima inakaa kusubiri, mtaa kimya. Hawa wa kushika maiki wanaongea tu.

#5 Mleta mada

Shikamoo mkuu, nakuheshimu na Majuto namheshimu, hakuna wa kubisha pale. Ila ile ni kazi nyingine. Majuto na kina Joti walikuwa waigizaji, kuna mhusika, kuna nguo, kuna mwenzako unayepokezana naye maneno, ukikwama yeye anakudaka. Joti anaweza kuwa bibi, mtoto, shangazi, wewe unamcheka yule bibi. Stendapu mtu anakuja kama yeye, anasema ya nyumbani kwake, ya kwake kukosa kazi, akikwama hamna wa kumdaka. Ndio maana nilisema yule kijana alinifundisha kitu. Na watu wameijenga hii kwa jasho, Coy Mzungu na jukwaa lake la stendapu la Cheka Tu wametoa vijana wangapi ambao leo unawaona kwenye matangazo na kila harusi kubwa? 2025 mpaka tuzo za komedi za Tanzania zilifanyika na Rais Samia akawa mgeni rasmi. Miaka ya Ze Comedy ungesema kitu hicho ungeonekana unaota.

#6 Mchangiaji

Niaje wadau, mimi niko Nairobi, nimesoma uzi wote na nakubaliana na mwenye mada. Sisi huku tulianzia mbali, kundi la komedi la Redykyulass, la Nyambane, KJ na Tony Njuguna, walikuwa wanamuigiza Moi akiwa bado rais, watu walikuwa wanaangalia wakiogopa na kucheka kwa pamoja. Huyo KJ alikuja kuwa mbunge wa Dagoretti South 2017. Halafu mchekeshaji wetu Churchill ndio alitengeneza njia, alikuwa anazunguka na shoo Kisumu, Eldoret, Mombasa, kijana wa huko akipata dakika tano kwa hiyo steji maisha yanabadilika. Nilishaenda rekodi zake mara kadhaa na niwaambie, ile inayotoka kwa TV ni nusu. Kuna vichekesho walikuwa wanarudia mara mbili tatu kwa sababu ya kamera, na zile stori za katikati wakingoja kamera ziwe tayari ndizo zilikuwa zinatuua.

#7 Mleta mada

Hapo kwenye stori za katikati umenena kaka. Hata Ijumaa spika ililia ghafla mchekeshaji akiwa katikati ya stori ya mkwe wake, akaigeukia ile spika akaiambia "mama subiri kwanza sijamaliza". Hiyo haiandikwi popote.

#8 Mchangiaji

Mi nina swali kwenye utani wa makabila. Mhehe na Mngoni sawa, ni watani. Ila kuna wachekeshaji kazi yao ni Mhaya anaringa, Mchaga pesa, Mgogo kuomba, Msukuma mshamba, mwanzo mwisho, na yeye wala sio mtani wa hao. Mke wangu ni Mgogo, tulienda shoo moja kila mchekeshaji aliyepanda anaimba wimbo ule ule. Kwa wa kwanza mke wangu alicheka, kwa wa tatu akaniambia twende nyumbani. Hiyo nayo ni utani?

#9 Mleta mada

Mkuu pole, na mwambie shemeji yuko sahihi. Hilo mi naliona hivi, utani una kwenda na kurudi. Mhehe alimrushia mshkaji wangu na mshkaji akarudisha, na aliporudisha Mhehe alipigwa akakubali, akampa mkono. Mtani wa kweli siku ya msiba wako ndiye huyo huyo anayeshinda kwako anaosha vyombo na kubeba maji. Sasa anayesimama jukwaani anamsema Mgogo ambaye hawezi kumjibu, hana naye msiba wala harusi, huyo anachukua ile ruhusa bila kubeba ule wajibu. Na mbaya zaidi ni uvivu, kwa sababu panchi ya "Mchaga na hela" ukumbi umeshaimalizia kichwani kabla hajafungua mdomo. Yule dada wa michango hakutaja kabila lolote na alituua wote, Mchaga, Mgogo, Mzaramo, maana "anaendelea" hana kabila.

Ushauri wangu kwa waandaaji, MC awaulize wachekeshaji kabla nani ana nini, wasirudiane.

#10 Mchangiaji

Naomba niingie kama mtu wa ndani kidogo, mi ni chipukizi, nafanya openi maiki (usiku wa yeyote kupanda kujaribu) na nimeshafungulia shoo mbili tatu kubwa. Dakika kumi mnazoziona ni miezi ya kazi. Unaandika, unaenda kujaribu kwenye baa mbele ya watu wanaoangalia mpira, inabuma, unakata, unabadilisha neno moja, unajaribu tena. Neno moja tu linaweza kuua panchi au kuifufua. Mfano mi nilikuwa na stori ya konda, nilikuwa nasema "akanirudishia chenji pungufu", haikuitika kabisa. Nikabadilisha, nikasema "akaniambia chenji yako iko kwa dada pale", yani kaniunganisha na abiria nisiyemjua tushuke naye tukatafute chenji. Hapo watu wakaanza kuanguka, kwa sababu kila mtu ameshashushwa kituoni na mgeni mwenye noti ya elfu kumi wanadaiana.

Sasa nikaipeleka kwenye shoo kubwa, mtu wa meza ya mbele karekodi, asubuhi iko kwenye ukurasa una wafuasi kuliko mimi mara mia, jina langu halipo. Wiki iliyofuata nimeenda Morogoro, naanza tu "juzi nimepanda daladala", dada mmoja anamalizia panchi yangu kwa sauti. Miezi yote ile imeisha pale. Mwanamuziki ukimrekodi unamsaidia, watu wanataka kuusikia tena wimbo. Sisi ukishaisikia imekwisha.

#11 Mleta mada

Daah. Naomba kila anayefika kwenye uzi huu asome #10 mara mbili.

Ijumaa mbele yetu kulikuwa na meza wamenyanyua simu shoo nzima, wao wenyewe hawacheki wanashikilia tu simu isitikisike. Na yule mwanga wa skrini ukiwa gizani unamfikia mchekeshaji usoni, anajua anarekodiwa, anaanza kuficha zile kali. Marekani mchekeshaji Dave Chappelle aliliona hili mapema, kuanzia 2015 shoo zake simu zinawekwa kwenye vimfuko vya kampuni inaitwa Yondr, unakaa na simu yako mwenyewe mkononi ila haifunguki mpaka utoke nje. Mi natamani hata huku tuanze, na kama vimfuko ni gharama basi MC aseme mwanzoni kabisa na mabaunsa wasimamie. Mchekeshaji akitaka klipu ana kamera yake, atachagua mwenyewe ipi itoke.

#12 Mchangiaji

Mmeongea yote ila siasa mmeikwepa. Nairobi wanamuigiza rais, sisi mchekeshaji Idris Sultan 2019 aliweka picha kabadilishana sura na Rais Magufuli akaitwa polisi, Mei 2020 akakamatwa tena kisa video anaicheka picha ya zamani ya rais kavaa suti kubwa. Ndio maana wote wanakimbilia harusi, konda na mwenye nyumba.

#13 Mleta mada

Ni kweli yalitokea na yaliwatia watu woga, siwezi kukubishia. Ila naomba tusiwadharau wenye nyumba na makonda. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mshahara unaoisha tarehe kumi, kijana ana digrii anaendesha boda, hayo ndio maisha ya watu waliokaa kwenye vile viti, na usiku ule niliyasikia yakisemwa waziwazi kuliko nilivyowahi kuyasikia kwenye mkutano wowote. Kulikuwa na mmoja kaeleza interview ya kazi anaulizwa uzoefu wa miaka mitano wakati ana miaka 23, akasema "mzee ungenipigia nikiwa form two". Alicheka kila mtu, ila angalia nani alicheka zaidi, ni vijana wa meza za nyuma kabisa zile za bei ya chini. Siku ikifika wa kumgusa mkubwa na watu wakalala salama majumbani, tutafurahi wote, na mi ntakuwa nimekaa mbele.

#14 Mchangiaji

Mkuu mmenishawishi, mi na mke wangu wa Kigogo tutajaribu tena 😂 Mnaenda lini tena na tukae wapi, mbele naogopa kusemwa.

#15 Mleta mada

Karibuni sana! Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mlango unafunguliwa saa moja na nusu, shoo huwa inaanza saa tatu kasoro msiamini kilichoandikwa kwenye tangazo. Kaeni mbele wala msiogope, MC akikuuliza kitu jibu ukweli kwa kifupi, usijaribu kumzidi kuchekesha na usipige kelele hujaulizwa, mshkaji wangu alijibu kwa sababu aliulizwa. Kuleni kabla hamjaingia. Na msitoke katikati ya mtu, subirini abadilishwe, maana ukinyanyuka wewe ndio unakuwa mada.

Yule chipukizi wa #10 nimekutumia ujumbe, nitajie siku yako ya openi maiki tuje meza nzima, simu mfukoni. Wanaotokea Mbagala na Gongo la Mboto tuwasiliane mapema tugawane usafiri wa kurudi, ikifika saa sita usiku bajaji za Masaki zinataja bei wanayojisikia.